Ushuru sifuri, kikomo 0.01: sheria za kemikali zinapokutana na biashara huria

Tangu tarehe 1 Julai 2024, mishiri ya Kenya, yale maharage mabichi yanayoliwa na maganda yake, inaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wala mgawo. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023. Lakini katoni hiyohiyo ikikutwa na miligramu 0.05 za klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, kwa kila kilo, haiingii. Kikomo ni 0.01, sawa na gramu moja ya kiuatilifu katika tani 100 za maharage.

Mlango wa ushuru umefunguliwa, mlango wa maabara umebanwa, na wanaosimamia milango hiyo miwili hawatumii kanuni moja. Sheria ya biashara ya kimataifa humwambia anayeweka kizuizi: thibitisha kwamba bidhaa hii ina madhara. Sheria ya kemikali, hasa ya Ulaya, humwambia anayeuza: thibitisha kwamba ni salama. Katika mgogoro wowote wa aina hii, swali la kwanza kuuliza ni nani anatakiwa kuleta data na nani atailipia. Ukishajua hilo, hotuba nyingi za pande zote mbili unaweza kuziweka pembeni.

Kikomo kinatoka wapi

Wengi hudhani kikomo cha mabaki ni mpaka kati ya chakula na sumu. Sivyo. Kikomo huanzia shambani. Zao hunyunyiziwa kwa namna kali kuliko zote ambazo lebo inaruhusu: dozi ya juu, idadi ya juu ya kunyunyizia, na siku chache kabisa za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha mavuno hupelekwa maabara, na kikomo huwekwa kulingana na mabaki yaliyopatikana. Baada ya hapo ndipo wataalamu wa afya hukokotoa: mlaji anayekula zao hili kwa wingi, kwa siku moja au kwa maisha yake yote, atavuka kiwango ambacho mwili unaweza kukipokea bila madhara? Kama hatavuka, kikomo kinapitishwa. Kwa hiyo mzigo uliovuka kikomo ni ushahidi kwanza kwamba lebo haikufuatwa. Kama unaweza kumdhuru mtu ni hesabu nyingine.

Sasa kiuatilifu kikifutiwa kibali Ulaya, hakuna tena lebo ya Ulaya ya kupimia. Kikomo hushushwa hadi kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ya maabara inaweza kukisoma kwa uhakika, na kwa mazao mengi hicho ndicho 0.01. Namba hiyo haielezi sumu. Inaeleza uwezo wa kifaa.

Kibali hufutwa kwa sababu tofauti. Klorpirifosi ilinyimwa mwaka 2020 kwa hofu ya kuharibu chembe za urithi na ukuaji wa ubongo wa watoto. Viuatilifu vingine huondoka kwa sababu mtengenezaji ameona gharama ya kuomba upya ni kubwa kuliko faida. Isitoshe, Kanuni ya Ulaya namba 1107 ya mwaka 2009 ina vigezo vya kukata moja kwa moja: kemikali ikiainishwa kuwa inasababisha saratani, inavuruga uzazi au inavuruga homoni, kwa kawaida hainusuriki, hata kama kiasi kinachomfikia mlaji ni kidogo sana. Hapa ndipo Marekani, Brazili na wauzaji wengine hupaza sauti. Nyoka mwenye sumu aliyefungiwa ndani ya chupa bado ni nyoka wa sumu, wanasema, lakini hatari yake kwa mpita njia ni swali lingine. Wazungu wa Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, hujibu kwamba chupa huvunjika. Hoja zote mbili zina mashiko, na si sayansi peke yake itakayoamua kati yao, maana ni uamuzi wa kiasi gani cha wasiwasi jamii iko tayari kuubeba.

Njia ya kuomba kikomo maalumu kwa bidhaa za nje ipo. Mwombaji, ambaye kwa kawaida ni mtengenezaji wa kiuatilifu, hupeleka faili kwa nchi mwanachama mmoja, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya (EFSA) huikagua, kisha Tume ya Ulaya na nchi wanachama huamua. Faili hudai majaribio ya mashambani, kwa kawaida manane kwa zao kubwa na manne kwa zao dogo, pamoja na uchunguzi wa namna kemikali inavyovunjika ndani ya mmea. Kampuni yenye hataza mpya na soko la soya italipa. Kwa kiuatilifu cha zamani ambacho hataza yake imekwisha, na zao kama mishiri au karakara, hakuna anayeona faida ya kulipa. Hii ndiyo sehemu ya mfumo ambayo kwenye vikao vya kimataifa husemwa kwa nadra, wakati inaumiza kuliko mabishano yote kuhusu kanuni.

Makosa yanavyotokea shambani

Mishiri huanza kuchumwa takriban wiki saba baada ya kupandwa, na ikianza huchumwa mara mbili au tatu kwa wiki. Kiuatilifu ambacho lebo yake inadai siku 14 za kusubiri hakina nafasi hapo: aliyenyunyizia Jumatatu atachuma Alhamisi, ama apoteze mavuno. Ndiyo maana mchumo unapoanza, zinazobaki salama ni dawa zenye siku chache za kusubiri, nazo mara nyingi ni ghali zaidi.

Halafu kuna kemikali zinazobadilika zenyewe. Dimethoeti huvunjika na kuwa omethoeti, yenye sumu kali zaidi. Asefeti hugeuka methamidofosi. Kabosulfani hutoa kabofurani. Thiofaneti-methili huacha kabendazimu. Mkulima anaweza kuapa kwamba hajawahi kununua methamidofosi, na akawa anasema kweli, lakini maabara ikaiona. Kabla ya kununua chupa, soma tafsiri ya mabaki katika kanuni ya Ulaya, siyo jina la dawa peke yake. Mara nyingine kikomo hujumlisha kemikali mama na vizazi vyake, mara nyingine kila kimoja kina kikomo chake.

Vyanzo vingine ni vya kawaida mno: bomba la mgongoni lililotumika juzi kwenye mahindi na kusuuzwa mara moja, upepo kutoka shamba la jirani, dawa bandia iliyochanganywa na kiambato kisichoandikwa kwenye lebo. Kwa kikomo cha miligramu 2, uchafu wa bomba haungeonekana. Kwa 0.01 unaonekana vizuri sana.

Kenya ililijua hili mapema. Dimethoeti ilipokutwa kwenye maharage na njegere, Ulaya iliamua kuanzia mwanzoni mwa 2013 kupima asilimia 10 ya shehena. Kenya nayo ikazuia dimethoeti isitumike kwenye mboga na matunda. Siku hizi ukaguzi wa ziada huendeshwa chini ya Kanuni 2019/1793, ambayo orodha yake hupitiwa kila miezi sita. Zao likifanya vibaya, asilimia ya ukaguzi hupanda. Likifanya vizuri, hushuka au zao huondolewa. Kwa mboga iliyosafiri kwa ndege, kila siku ya kungoja majibu ya maabara ni siku iliyokatwa kwenye uhai wake dukani.

Jambo moja la kiufundi huwapoteza wauzaji. Maabara za serikali za Ulaya, kabla ya kuukataa mzigo, huondoa asilimia 50 ya kipimo kama nafasi ya makosa ya kupima. Kipimo cha 0.02 kwa hiyo hubaki 0.01, na kisheria mzigo unapita. Usiitegemee nafasi hiyo. Minyororo mingi ya maduka makubwa ina masharti yake binafsi, makali kuliko sheria, na sheria ya biashara ya dunia haiyagusi kwa sababu hayakuwekwa na serikali.

WTO inaruhusu nini

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kuhusu afya ya watu, wanyama na mimea, maarufu kwa kifupi SPS, ulianza tarehe 1 Januari 1995. Unairuhusu nchi kuchagua kiwango chochote cha kinga inachotaka, hata hatari sifuri. Masharti ni kwamba hatua iwe na msingi wa kisayansi, itokane na tathmini ya hatari, na isibague. Nchi ikifuata viwango vya Codex, tume ya FAO na WHO iliyoanzishwa mwaka 1963, hudhaniwa kuwa imetimiza wajibu. Ikitaka kwenda juu ya Codex, ndipo inabanwa ilete ushahidi. Ushahidi ukiwa haujatosha, inaweza kuchukua hatua ya muda huku ikiendelea kuutafuta.

Ulaya iliangukia hapo kwenye kesi ya nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Mwaka 1998 Chombo cha Rufaa cha WTO kilisema marufuku yake haikutokana na tathmini ya hatari inayotosha. Ulaya haikuiondoa. Mwaka 1999 Marekani iliruhusiwa kulipiza kwa ushuru juu ya bidhaa za thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka, na Ulaya ikaubeba. Tajiri anaweza kununua haki ya kukataa. Nchi inayotegemea maua, kahawa na mboga haina uwezo wa kubeba adhabu kama hiyo, na huo ndio usawa wa WTO ulivyo katika maisha halisi.

Kesi ya asbesto ilikwenda upande mwingine. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto kuanzia 1 Januari 1997. Kanada, iliyokuwa ikichimba krisotili, aina mojawapo ya asbesto, huko Quebec, ikashtaki. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba bati la saruji lenye krisotili na bati la saruji lenye nyuzi nyingine ni bidhaa zinazofanana, hivyo kulikataa moja ni ubaguzi. Tarehe 12 Machi 2001 Chombo cha Rufaa kilisema madhara ya kiafya ni sehemu ya kuamua kama bidhaa mbili zinafanana, na kwamba kila nchi ina haki ya kupanga kiwango chake cha kulinda afya. Ufaransa ikashinda. Anayedai kwamba WTO huua kila sheria ya kemikali hajaisoma hukumu hiyo.

Ila tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi. Malalamiko mengi kuhusu viuatilifu sasa huishia kwenye kamati, yakirudiwa mkutano baada ya mkutano.

Rotterdam: kura moja inatosha

Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika tarehe 24 Februari 2004, haupigi marufuku kemikali. Unadai nchi inayonunua iulizwe kwanza. Kemikali iliyozuiwa na nchi mbili kutoka kanda mbili tofauti hupelekwa kwa kamati ya wataalamu. Kamati ikiridhika, mkutano wa nchi wanachama huamua kama iingie Kiambatisho cha Tatu. Ikiingia, kila nchi hutamka: nakubali, sikubali, au nakubali kwa masharti. Nchi inayouza nje lazima iheshimu jibu hilo.

Waandishi wa mkataba walikuwa na jicho moja kwenye WTO. Ibara ya 10, aya ya 9, inasema nchi inayokataa kuingiza kemikali fulani lazima iikatae kutoka kila chanzo, na pia isiruhusu itengenezwe ndani kwa matumizi yake. Huwezi kuikataa kemikali ya Uchina ukaiacha hiyohiyo ya Uingereza. Hiyo ni kanuni ya kutobagua ya biashara huria, imehamishiwa ndani ya mkataba wa kemikali. Dibaji nayo husema mkataba huu haubadilishi wajibu wa mikataba mingine, kisha mara moja huongeza kwamba maneno hayo hayamaanishi upo chini yake. Sentensi hizo mbili ni matunda ya wajumbe waliochoka, na zimeliacha swali la nani yuko juu likining'inia hadi leo.

Udhaifu uko kwenye namna ya kuamua: kuingiza kemikali kwenye Kiambatisho cha Tatu kunahitaji wote wakubali. Krisotili ililetwa mwaka 2006 na bado imezuiwa. Kanada ilipinga hadi 2011. Ilipoacha, na baadaye kupiga marufuku asbesto nyumbani mwaka 2018, Urusi, Kazakhstan na Zimbabwe walikuwa miongoni mwa walioendelea kupinga. Wakati huohuo WHO inakadiria vifo zaidi ya 200,000 kwa mwaka vinavyotokana na asbesto kazini. Mwaka 2023 Uswisi, Mali na Australia walipendekeza kiambatisho kipya ambacho kingeruhusu kura pale mwafaka unaposhindikana. Pendekezo hilo halikupita. Wapinzani hawaogopi fomu ya kuulizwa. Wanaogopa kwamba jina likishaingia kwenye orodha, wanunuzi, mabenki na wenye bima huanza kukimbia.

Kinachokatazwa kwao, kinachouzwa kwetu

Mahakama ya Ulaya ilifuta kibali cha parakwati, dawa ya kuua magugu, tarehe 11 Julai 2007. Kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya nchi za nje, na hakikuvunja sheria. Kanuni ya Ulaya 649/2012 hutaka taarifa ya usafirishaji, na kwa baadhi ya kemikali ridhaa ya mnunuzi, basi. Uchunguzi wa Public Eye, shirika la kiraia la Uswisi, na Unearthed, wanahabari wa Greenpeace, uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya taarifa hizo na kukuta kwamba mwaka 2018 pekee nchi za Ulaya zilipanga kusafirisha tani 81,615 za viuatilifu vyenye kemikali zilizokatazwa mashambani mwao.

Weka hili kando ya kikomo cha 0.01 na mzunguko unakamilika: kemikali inatoka bandari ya Ulaya kihalali, inanyunyiziwa kihalali, kisha mabaki yake yanarudi kwenye katoni na kukataliwa kihalali. Hakuna aliyevunja sheria, lakini anayelipa ni mkulima.

Ufaransa ilijaribu kuukata mzunguko huo. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuanzia 1 Januari 2022 kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha nje viuatilifu vyenye viambato vilivyokatazwa Ulaya. Wazalishaji walikwenda Baraza la Katiba wakidai uhuru wa kufanya biashara. Tarehe 31 Januari 2020 Baraza likawajibu kwamba kulinda mazingira kunaweza kuzingatia hata madhara yanayotokea nje ya Ufaransa. Hata hivyo tundu lilibaki: kiambato kisafi, ambacho hakijachanganywa kuwa dawa kamili, hakikuguswa. Meli ikaendelea kubeba, lebo tu ndiyo iliyobadilika.

Nyuki wa nchi nyingine

Mgogoro mpya na mgumu zaidi kisheria ni wa klothianidini na thiamethoksamu, viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi ambavyo Ulaya ilivikataza nje ya nyumba za kioo mwaka 2018. Kanuni 2023/334 ilishusha vikomo vyake hadi kiwango cha chini kinachopimika, kuanzia tarehe 7 Machi 2026, na sababu haikuwa afya ya mlaji. Sababu ni nyuki na wachavushaji wengine, popote walipo duniani. Ndiyo maana Ulaya ilitoa taarifa ya kanuni hiyo kwenye kamati ya vikwazo vya kiufundi (TBT), siyo ile ya SPS.

Je, nchi inaweza kukataa bidhaa kwa sababu ya namna ilivyozalishwa kwenye ardhi ya mwingine? Kesi ya kamba na kasa ya mwaka 1998, iliyohusu Marekani kukataa kamba wa baharini waliovuliwa kwa njia inayoua kasa, ilifungua mlango kidogo, kwa sharti la kutobagua na kuzungumza na wauzaji kwa nia njema. Wauzaji wa nje wanauliza jambo ambalo ni vigumu kulijibu: kwa miaka kadhaa baada ya 2018, wakulima wa viazisukari wa Ulaya walipewa ruhusa za dharura kutumia mbegu zilizopakwa kemikali hizohizo, hadi mahakama ilipozizuia tarehe 19 Januari 2023. Nyuki wa nyumbani walingoja miaka mitano, na wa ugenini wakalindwa kwa kanuni iliyochapishwa mwezi uliofuata.

Mlango mdogo uliopo

Wakala au chama cha ushirika kinachouza nje kinaweza kujiandikisha bure kwenye ePing, mfumo wa WTO unaotuma taarifa za kanuni mpya kwa barua pepe kwa kila zao na kila soko. Kwa kawaida kuna siku 60 za kutoa maoni. Maoni yanayosikilizwa ni yale yenye data ya mabaki na ombi la tarehe ya mpito, wala siyo kilio cha ajira. Peleka kupitia ofisi ya taifa ya mawasiliano ya SPS au TBT, maana maoni ya mtu binafsi hayahesabiki kama ya nchi.

Upande wa Rotterdam, Ibara ya 6 inairuhusu nchi inayoendelea, peke yake, kupendekeza mchanganyiko hatari wa kiuatilifu kwa kuonyesha matukio ya watu waliodhurika katika mazingira yake ya kazi. Kinachohitajika ni fomu ya tukio iliyojazwa vizuri: jina na nguvu ya dawa, namna ilivyotumika, vifaa vya kujikinga vilivyokuwepo, dalili na muda zilipoanza. Burkina Faso iliitumia kwa parakwati. Chad iliitumia kwa fenthioni ya kunyunyizia kwa ujazo mdogo sana, inayotumiwa Afrika Mashariki pia kuua ndege aina ya kwelea kwelea kwenye mpunga na ngano. Baada ya kupingwa mkutano kwa mkutano kuanzia 2013, ile yenye gramu 640 au zaidi kwa lita iliingizwa Kiambatisho cha Tatu mwaka 2025, pamoja na kabosulfani.

Kuingizwa huko hakuwazuii Kenya wala Tanzania kuinunua. Kila nchi ina miezi tisa, tangu ipelekewe mwongozo wa uamuzi, kutoa jibu lake. Jibu la masharti linaweza kutaja nani anyunyizie, umbali gani kutoka kwenye maji na makazi, na nani akusanye mizoga ya ndege kabla watu hawajaiokota kwa kitoweo.